Kisigino cha Mama Mkwe

Zaina, nesi wetu, ameniambia niandike kabla sijasahau, na Zaina akishasema jambo halirudi nyuma. Kwa hiyo ninyi mnaoanza kazi kwenye kliniki ya ngozi hapa Mbale, mkiona maandishi haya ni marefu, mlaumuni yeye. Nimestaafu juzi tu; koti langu jeupe bado liko kwenye kamba, halijakauka. Nilipandishwa cheo lini, hilo mtalikuta kwenye faili kama panya wamelibakiza. Mimi nataka kuwaambia habari za nyayo.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichonyonya. Baba alikuwa askari jela, mtu wa Teso, na kwenye kambi ya magereza Jinja kila kabila la nchi hii lilikuwepo, basi sisi watoto tulicheza, tuligombana na kuchapwa kwa Kiswahili. Najua wengi wenu mkikisikia mnakumbuka sauti ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabara. Siku yangu ya kwanza kazini, hukohuko Jinja, nilimwambia bibi mmoja kwa adabu zote, "Karibu mama, keti." Bibi wa watu akanyanyua mikono yote miwili juu.

Sista Kagoya alinivuta kando. Yeye ndiye aliyekuwa nesi mkuu wa chumba cha ngozi, mwanamke mfupi, mzito, aliyetumikia wagonjwa wa ukoma ujana wake wote. "Hiyo lugha yako, kwa wazee, iache getini," aliniambia. "Na macho yako yaanzie chini." Ukoma ulimfundisha kwamba mguu hutangulia kusema kabla ya mwenyewe. Wiki tatu nzima hakuniruhusu kuandika dawa. Alinipa beseni, sabuni na taulo. Nilikuwa na cheti kipya cha afisa tabibu, nimekipiga pasi, na kazi yangu ilikuwa kuosha watu miguu kama kila siku ni Alhamisi Kuu.

Walikuja watu wa mtaa wa Walukuba, wafanyakazi wa viwandani waliovaa mabuti ya mpira tangu asubuhi, na wachuuzi waliotembea mpaka ndala zikatoboka. Nilijifunza fangasi, sugu, funza, na damu iliyovilia chini ya ngozi kwa sababu ya kiatu kinachobana. Niliudhika, siwadanganyi. Sista aliniona nimenuna akasema, "Musawo," ndivyo wanavyomwita tabibu huko, "ukimaliza kununa, kuna mguu wa kushoto."

Yeye alitumia kioo cha kukuzia ambacho mpini wake ulivunjika, ukafungwa kwa plasta, na plasta yenyewe ikafungwa kwa plasta. Mwaka wake wa mwisho kazini ndipo tulipopata kioo chenyewe, demoskopu. Daktari mmoja wa ngozi aliyetutembelea alitufundisha siku mbili, akatuachia. Sista alikigeuzageuza, akatazama kucha yake, akanirudishia. "Kizuri," alisema. "Lakini hakiwezi kumvua mtu viatu."

Kwa ambaye hajakishika: ni kioo chenye taa, kinaingia kiganjani. Unapaka jeli kidogo juu ya doa, unalaza kioo, na ule mng'ao wa ngozi unatoweka, unaona rangi iliyo chini yake. Doa la kawaida la mgongoni lina wavu wa kahawia wenye matundu yanayolingana, na pembeni linafifia taratibu. Doa baya lina wavu uliochanika, rangi tatu nne, upande mmoja haufanani na wa pili, pengine na ukungu wa samawati katikati. Lakini kwenye wayo hakuna wavu. Kuna mistari tu, matuta na mifereji, kama shamba la viazi ukilitazama kutoka juu ya mlima Wanale. Juu ya matuta kuna vitundu vya jasho, vyeupe, vimejipanga. Rangi ikifuata mifereji, mara nyingi doa ni la amani. Rangi ikipanda juu ya matuta, pale penye vitundu vya jasho, simama hapohapo, usimwachie mgonjwa aondoke. Saratani ya rangi ya ngozi, melanoma, ikitupata sisi watu weusi, hupenda kuanzia huko chini ambako hakuna anayetazama.

Yote hayo niliyajua siku Wekesa alipokuja. Naomba sentensi hiyo muisome mara mbili.

Wekesa alikuwa dereva wa lori, Mkenya, anapita Jinja kila wiki. Mkewe alimwambia doa la shavuni mwake linakua. Alikuwa mcheshi, Kiswahili chake kitamu, nami nilikuwa na hamu ya kuongea na mtu asiyeniogopa. Sista alikuwa ameshastaafu. Nililaza kioo changu kipya shavuni, nikaona wavu safi kabisa, nikamweleza kila tundu kana kwamba nimeufuma mimi. Alikuwa amevaa buti za kamba mpaka juu ya kifundo, chumba kilikuwa na joto, foleni imefika nje, na kusema kweli sikutaka ile harufu. Niliandika kwenye kadi yake: salama.

Alirudi baada ya misimu miwili ya mvua, anachechemea, ana uvimbe kinenani. Safari hii alivua buti bila kuambiwa. Katikati ya wayo wa kulia, mguu wa kukanyagia mafuta, palikuwa na kidonda cheusi kinachotoa maji.

"Nilidhani funza," alisema. "Kila nikisimamisha gari nachokoa na pini."

Nikamuuliza ilianza lini.

"Ilikuwepo siku ile, daktari. Ndogo tu, kama punje ya mtama. Nilitaka kukuonyesha, nikaona umeshashika kalamu."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Alifia kwao Bungoma kabla ya Krismasi. Mkewe ndiye aliyenipigia simu, akanishukuru kwa kumtunza mumewe. Nilikaa na ile simu mkononi nikaona aibu ambayo mpaka leo ninayo, na sitaki mtu aje kunibembeleza kwamba haikuwa kosa langu. Lilikuwa kosa langu.

Tangu siku hiyo, kila aliyeingia chumbani mwangu, hata kama amekuja kwa chunusi, alivua viatu. Vyote viwili, na soksi. Mabibi walinicheka. Wachungaji walinung'unika. Afande mmoja wa jeshi, meja mzima, alisimama mbele yangu akaniuliza kama najua anaongea na nani.

"Najua, afande," nilimwambia. "Soksi pia."

Alivua. Kidole kimoja cha soksi kilikuwa kimetoboka, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya jeshi aliyokuwa anailinda.

Nilipohamishiwa Mbale nilimkuta Zaina, nesi kijana wakati huo, mtoto wa hapahapa mjini, asiyenyamaza akiona kosa. Pamoja naye ndipo tulipoanza wino. Daktari yule mgeni alikuwa ametuonyesha zamani kule Jinja: doa la wayo likikuchanganya, paka wino wa kalamu juu yake, kisha pangusa. Wino wa juu unaondoka, wa mferejini unabaki. Sasa ukilaza kioo unajua mifereji iko wapi bila kubahatisha. Baba yangu alikuwa akiwapaka wino wafungwa vidoleni ili kuwasajili; angeniona na kichupa changu cha wino wa bluu, nawapaka watu nyayo, angesema mtoto hakwenda mbali.

Sasa nifike kwa mama mkwe, maana najua ndiko mnakotaka.

Mke wangu, Nambuya, ni Mmasaba wa Busiu. Ninyi wa huku hamhitaji maelezo, lakini wengine watashangaa: mtu na mama wa mkewe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani. Nikifika Busiu, mama mkwe anaingia nyuma ya jiko na kunisalimia kutoka huko, ukuta ukiwa katikati. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye mahindi. Mara moja wote wawili tuliingia, upande uleule, tukatoka mbio kama wezi wawili wasiojuana. Hii ni heshima, na mimi ninaipenda. Tena tulikuwa na bahati moja: yeye aliuza ndizi kwa madereva wa Kenya kwenye ile barabara ya Tororo miaka mingi, kwa hiyo kupitia ukutani tuliongea Kiswahili. Kwa Kimasaba angelazimika kuchagua kila neno la kumwambia mkwe. Kiswahili kwake kilikuwa cha sokoni, akasema alichotaka.

Mwaka mmoja, baada ya kuvuna mahindi, Nambuya alirudi kutoka kwao akaweka gunia chini akasema, "Mama anachechemea. Anasema ni funza kisiginoni, anachokoa na pini, haishi."

Kijiko kilinitoka mkononi. Nambuya alidhani nimeungua.

"Mlete kesho," nilimwambia.

"Nimlete kwa nani? Kwako?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Daktari mwingine wa ngozi alikuwa Kampala, na mama mkwe alikuwa ameshasema Kampala haendi kuchezewa na watu asiowajua. Kliniki yetu ilikuwa na kioo kimoja na mtu mmoja wa kukisoma, na mtu huyo alikuwa mkwe. Nambuya alimpigia simu mbele yangu. Nilisikia jibu kutoka upande wa pili wa chumba: "Nimwonyeshe mkwe wangu wayo? Bora nife nao."

Nililala vibaya wiki nzima. Mila ilinitaka nikae mbali na ule mguu, na Wekesa alinitaka niutazame. Jumapili nilimwambia Nambuya amwambie mama yake hivi: sitamgusa, sitamwona, wala yeye hataniona. Zaina ndiye atakayeshika mguu na kioo. Kioo kitafungwa kwenye simu, simu itapiga picha, mimi nitakaa nyuma ya pazia nitazame picha. Nilikuwa nimeamua kwamba akikataa, nitahamishia kliniki Busiu na kukaa nje ya jiko lake mpaka achoke.

Alifikiri siku mbili. Kisha akapiga simu mwenyewe, akamwambia Nambuya aiweke sauti juu.

"Mkwe, hiyo picha ni mguu wangu au si mguu wangu?"

"Ni picha, mama. Mguu unabaki kwako."

"Na Zaina ni mtu wa nani?"

"Ni mtu wa kazi, mama. Ana mdomo lakini ana mkono mzuri."

"Basi nakuja Jumatano."

Alikuja na Nambuya asubuhi. Nilikuwa nimeshatangulia ndani, nyuma ya lile pazia la magurudumu la wagonjwa kubadilishia nguo. Nilisikia kiti kikilia, nikasikia Zaina akiosha mguu kwenye beseni, kama nilivyomfundisha, kama Sista Kagoya alivyonifundisha mimi. Kisha simu ikapitishwa chini ya pazia.

Doa lilikuwa la ukubwa wa haragwe, limechokolewachokolewa, lina magamba. Pembeni palikuwa na mistari ya kahawia iliyolala sambamba. Nikaiona ile mistari na moyo wangu ukaruka: mferejini! Nilitaka iwe mferejini. Nilikuwa tayari kabisa kumwambia aende nyumbani akapumzike. Nawaambia hili kwa sababu hakuna kifaa kitakachowaponya nalo: siku mgonjwa akiwa mtu wenu, mtaona mnachokitaka.

"Ni mfereji," nilisema.

"Si mfereji," Zaina akajibu kutoka upande wake.

"Mimi naona mfereji."

"Bwana, wewe unatazama picha, mimi natazama mguu. Tupake wino."

Nikachukua kichupa mfukoni nikakisukuma chini ya pazia, nikiangalia mkono wangu usivuke. Akapaka. Akapangusa. Akalaza kioo tena. Simu iliporudi, mistari ya bluu ilipita safi, mfereji baada ya mfereji, na ile kahawia nyeusi ilikuwa katikati ya bluu na bluu, imepanda juu ya matuta, vitundu vyeupe vya jasho vimetoboa ndani yake. Nilikuwa nimeona picha za namna hiyo kwenye mafunzo. Sikuwahi kuziona kwa mtu wa nyumbani kwangu.

Aliyeanza ni mama mkwe.

"Mkwe, umenyamaza. Sema."

"Si funza, mama. Naogopa ni saratani ya ngozi. Maabara ndiyo itakayothibitisha."

"Una hakika?"

"Ya maabara sina. Kwamba lazima likatwe, hiyo ninayo."

"Mguu wote?"

"Sehemu ya kisigino, kisha wataziba kwa ngozi ya paja. Ukingoja, ndipo itakuwa mguu, na baadaye haitakuwa mguu tu."

Nilimsikia Nambuya akilia taratibu. Mama yake hakulia. Aliuliza swali moja tu, na mpaka leo sijui alilitoa wapi.

"Kama nisingekuwa mama wa Nambuya, ungesemaje?"

"Hivihivi, mama. Ila ningesema haraka zaidi."

Kiti kililia tena. "Basi wakate. Lakini wewe usiingie huko."

Sikuingia. Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji nikitazama Wanale mpaka daktari alipotoka. Maabara ilithibitisha kwamba ni melanoma, na kwamba ilikuwa bado changa, haijazama. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, naye alitugombeza wote muda wote huo, mimi kupitia ukuta. Akapona. Anakanyagia upande wa nje wa mguu, polepole, na mahindi bado anapalilia mwenyewe.

Kila baada ya miezi sita alikuja kutazamwa. Pazia, kiti, beseni, kisha simu chini ya pazia. Zaina alijifunza kusoma picha kabla hazijanifikia, mpaka ikawa mimi ndiye ninayethibitisha alichokwisha kusema. Ndiyo maana sina wasiwasi na chumba kile. Nina wasiwasi na ninyi, siku foleni itakapokuwa ndefu na buti za mtu ziwe na kamba mpaka juu.

Wiki yangu ya mwisho mama mkwe alikuja, na safari hii hakuja peke yake. Zaina alichungulia nje akaanza kucheka. Wanawake sita wa Busiu walikuwa wamekaa kwenye benchi, kila mmoja ameshika viatu vyake mkononi, nyayo zimeoshwa tayari. Mama mkwe alikuwa amewaambia wasije kupoteza wakati wa mkwe wake.

Tulianza na yeye. Kovu safi, kingo safi, kinena safi. Nilirudisha simu chini ya pazia. Nimemwoa mwanawe miaka mingi na sijui mama huyu macho yake yakoje, lakini kisigino chake cha kushoto naweza kuwachorea mstari kwa mstari.

"Kiko safi, mama," nilisema. "Sasa Zaina ndiye atakayekuwa anakutazama."

"Najua. Tumeshapanga." Kisha akauliza, "Mkwe, wewe nyayo zako nani ametazama?"

Sista Kagoya hakuwahi. Nambuya hawezi kujua anatafuta nini. Miaka yote hiyo, miguu yote hiyo, na yangu ilikuwa ndani ya soksi.

"Hakuna, mama."

"Vua viatu," alisema. "Na soksi."

Zaina alikuja upande wangu akiwa na beseni, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Nikakaa, nikanyanyua miguu, mtu mzima na mvi zangu. Wa kulia alimaliza haraka. Kwenye wa kushoto, chini ya vidole, alisimama. Akalaza kioo, akakiondoa, akakilaza tena. Akachukua kichupa cha wino. Nilihisi baridi ya wino, kisha kitambaa. Mikono yangu ilishika kiti, na kwa mara ya kwanza nikajua Wekesa aliona nini aliponitazama nimeshika kalamu.

"Zaina, umenyamaza," mama mkwe akasema kutoka ng'ambo ya pazia. "Sema."

"Kuna doa, mama. Dogo."

"Rangi iko wapi?"

"Ngoja." Akainama tena. "Mferejini, mama. Yote iko mferejini."

Nilimsikia akishusha pumzi upande ule, ndefu, kama mtu anayetua gunia.

"Haya," akasema. "Baada ya miezi sita, arudi."